Nyuki Wakibadilika Ghafla, Uliza Kwanza Ni Lini

Simu iliingia saa mbili asubuhi, chai ikiwa bado mezani. Alikuwa binti mmoja wa Sikonge, mkoani Tabora, aliyeanza ufugaji mwaka jana kwa mizinga mitano ya masanduku, na hunipigia kila anapokwama.

"Shikamoo baba. Nyuki wa mzinga wa tatu wamebadilika. Jana jioni wamenitoa mbio mpaka barabarani. Ni walewale ninaowafungua siku zote bila shida. Nifanyeje, niwachome?"

"Marahaba mwanangu. Usichome kitu. Kuna mtu au mnyama karibu na mizinga?"

Walikuwapo mbuzi wawili wa mjomba wake, wamefungwa kamba hatua kama arobaini kutoka kwenye mti wenye mizinga. Nikamwambia wakaondolewe giza likiingia, nyuki wakiwa wametulia, kabla ya jambo lingine lolote. Mtu hukimbia, mbuzi aliyefungwa hakimbii, na mifugo mingi inayouawa na nyuki hufia kambani au bandani. Kisha nikamuuliza: "Wamebadilika lini?"

Akanyamaza. Alitegemea nimwambie sababu, si nimuulize tarehe. Lakini sababu za nyuki kuwa wakali ni nyingi, na zote zikifika usoni pako zina sura moja: nyuki wanagonga wavu kama mvua ya mawe kwenye bati, na huwezi kujua kwa kuwatazama kama wamepoteza malkia, wamevamiwa na nyegere au wamechoshwa na harufu ya glavu zako. Kinachozitenganisha sababu hizo ni muda. Upo ukali unaozaliwa kwa dakika, upo wa siku mbili tatu, upo wa majira, na upo ule unaokuja polepole kwa wiki sita ukaonekana wa ghafla kwa sababu tu hukufungua mzinga katikati. Dawa ya mmoja huharibu mwingine.

Tukumbuke pia ni nyuki gani tunaowazungumzia. Nyuki wa nyanda za miombo, ambao wataalamu huwaita Apis mellifera scutellata, wamekulia kwenye nchi ya siafu, nyegere, moto wa porini na binadamu anayepanda mti na mwenge. Kundi lisilojua kujilinda halikuacha uzao. Ndiyo maana hutoka haraka, hutoka wengi, na hufuata mbali kuliko nyuki wa Ulaya. Mwaka 1956 mtaalamu wa Brazil, Warwick Kerr, alichukua malkia kutoka Afrika Kusini na Tanganyika ili apate nyuki wanaofaa joto la kwao. Mwaka uliofuata makundi 26 yakatoroka karibu na mji wa Rio Claro, yakachanganyika na nyuki waliotoka Ulaya, na kufikia 1990 wazao wao walikuwa wameingia Texas, Marekani, wakiitwa "nyuki wauaji". Wabrazili hawakuacha kufuga. Walitengeneza bomba kubwa zaidi la moshi, wakavaa mavazi mazito zaidi, wakahamisha mizinga mbali na nyumba, na leo wanarina asali kwa nyuki haohao. Kwa hiyo wewe unayejifunza kwa video za bwana wa Uingereza anayeshika masega kwa mikono mitupu, usijipime naye. Kwetu kundi pole ni lile ambalo nyuki wachache wanakuzunguka na waliobaki wanaendelea na kazi juu ya sega.

Nianze na ukali wa dakika, kwa sababu huu mara nyingi tunauleta wenyewe. Mwiba wa nyuki una kulabu. Akikuchoma unabaki mwilini pamoja na kifuko cha sumu, kinaendelea kusukuma sumu, na kinatoa harufu inayowaita wenzake wapige palepale. Mwaka 1962 wanakemia waliitambua moja ya kemikali kuu za harufu hiyo, isopentili asetati, ambayo ndiyo hutoa harufu ya ndizi mbivu. Ukiinusa juu ya mzinga ulio wazi, mwito umeshatolewa: funga, puliza moshi mahali ulipochomwa, ondoka. Na mwiba utoe upesi, kwa ukucha au kwa kubana, vyovyote. Kinachohesabika ni sekunde, si namna ya kuutoa.

Katika mwaka wangu wa pili nilikuwa na glavu za ngozi ambazo sikuwahi kuzifua. Miiba mikavu ilikuwa imejipanga kwenye vidole kama nywele za kidevu. Kila mzinga niliofungua ulikuwa moto, nami nikaamini manzuki, yaani shamba langu la mizinga, yote imeharibika. Mzee mmoja mrina asali, aliyekuja kuniazima ngazi, aliokota glavu moja, akaipeleka puani, akaniambia, "Hizi ndizo zinazowaita." Nilizifua kwa sabuni pamoja na ovaroli, nikazianika juani siku mbili. Wiki iliyofuata nilifungua mizinga ileile, mingi ikawa kama zamani. Tangu hapo nina kipimo kimoja ninachompa kila anayeanza: mizinga yote ikiwa mikali siku moja, jitazame wewe au tazama anga, ukiwa mkali mmoja tu, utazame mzinga huo.

Kujitazama ni pamoja na nguo nyeusi au za manyoya, manukato, mafuta ya nywele, jasho la mbio, pumzi unayopuliza moja kwa moja juu ya masega, na nyuki uliowaponda kwa kurudisha kwa pupa ubao unaobeba sega. Anga nayo ina neno: wingu zito, upepo na radi inayokaribia huwarudisha nyumbani wale waliokuwa kazini. Siku hiyo usifungue.

Moshi nao una namna yake. Pumzi mbili tatu mlangoni, halafu subiri dakika moja au mbili. Nyuki hukimbilia kujaza matumbo asali, na papo hapo moshi hupunguza uwezo wa vipapasio vyao kunusa ile harufu ya hatari. Lakini nguvu hiyo huisha ndani ya dakika 10 hadi 20, kwa hiyo anayepuliza mara moja halafu akafanya kazi nusu saa ataona "wamebadilika ghafla" na kumbe dawa imeisha tu. Choma mavi makavu ya ng'ombe au magunzi, na uwekee majani mabichi juu ili moshi utoke wa baridi. Moshi wa moto huunguza mbawa na kuwapandisha zaidi.

Ukali wa siku mbili tatu una mhusika, na mara nyingi ameacha alama. Nyegere huja usiku. Utaona mikwaruzo kwenye gome la mti, mzinga umeinama kwenye waya, mfuniko umesogea. Siafu huacha njia na maiti chini ya mti. Shamba jirani likipulizwa dawa, na Sikonge ni nchi ya tumbaku kama ilivyo ya asali, utawakuta nyuki wakitetemeka mlangoni na wengine wamekufa wamejaa chini, na walio hai wanashambulia kila kinachopita. Mashine ya kukatia majani iliyopita karibu asubuhi inatosha kuwaweka macho hadi jioni. Nyuki waliosumbuliwa hivyo huhitaji kuachwa. Rekebisha kilichosababisha, paka oili chafu kwenye waya wa kuning'inizia ili siafu wasipite, usifungue kwa wiki moja.

Kupoteza malkia nako kumo humu, na ni jambo la kulikalia kidogo. Harufu ya malkia husambazwa nyuki kwa nyuki kwa kugusana na kulishana, kwa hiyo akifa au ukimponda bila kujua, kundi hugundua ndani ya saa chache. Sauti hubadilika. Badala ya mvumo mmoja wa chini unasikia mlio mpana unaopanda na kushuka, kama watu wengi wanaougua pamoja chumbani. Wakiwa na majana (watoto wa nyuki walio bado kwenye masega) machanga watajitengenezea malkia mwingine, na ukihesabu kuzaliwa, kukomaa, kuruka kwenda kupandwa na kuanza kutaga, ni wiki tatu hadi nne. Kipindi hicho huwa wasumbufu, na kila unapofungua unahatarisha yule malkia mchanga. Subira ndiyo dawa. Lakini kama hawakuwa na mayai wala majana machanga, baadhi ya vibarua, yaani nyuki majike wa kazi, wataanza kutaga wenyewe: utaona mayai mawili, matatu au zaidi ndani ya chumba kimoja, mengine yamebandikwa ukutani badala ya chini, na vifuniko vya majana vimevimba kama risasi kwa sababu wote ni madume. Ukiiwahi hali hiyo mapema, ubao wenye mayai kutoka kundi pole unaweza kuwaokoa, na wakati mwingine inabidi kuurudia wiki inayofuata.

Sasa majira. Hapa ndipo wanaoanza hudanganyika zaidi, kwa sababu karibu wote hupata nyuki wao wa kwanza maua yakiwa mengi. Kibarua huanza maisha kwa kazi za ndani: kusafisha, kulisha majana, kujenga nta. Akifika wiki mbili hadi tatu anaweza kuwa mlinzi mlangoni, kisha hutoka kwenda maporini mpaka mwisho wake. Wenye sumu nyingi na uzoefu wa kulinda ni hao wakubwa. Mitundu, miti yetu ya miombo, inapochanua kabla ya mvua, wengi wao wako nje tangu alfajiri, na wewe unafungua nyumba iliyojaa watoto na walezi. Maua yakipukutika, au mvua ikinyesha siku nne mfululizo, wakubwa wote wako nyumbani, hawana kazi, na chini yao kuna asali iliyohifadhiwa ambayo kila mdudu na kila jirani anaitamani. Kundi nalo limekua. Lililokuwa na masega matano sasa lina kumi na mawili. Malkia ni yuleyule, mzinga ni uleule, lakini idadi ya walinzi unaokutana nao imeongezeka mara nyingi.

Anayefungua mwezi wa kumi na kurudi mwishoni mwa mwezi wa kumi na mbili huapa kwamba nyuki wake wamegeuka. Kwa kweli ameona pande mbili za kundi moja. Kwa hiyo majira ya njaa punguza ziara, nenda jioni jua linapozama, fungua mbao tatu nne badala ya zote, na usiache hata tone la asali nje. Ukihitaji mwanga tumia tochi yenye kioo au karatasi nyekundu; nyuki hawaioni rangi nyekundu, na gizani hawaruki ovyo.

Umebaki ukali wa kizazi. Kibarua huishi takribani wiki sita wakati wa kazi nyingi, pengine pungufu. Maana yake nyuki uliowafungua miezi miwili iliyopita wamekufa karibu wote. Anayeendelea ni malkia. Na malkia mwenyewe, aliporuka kupandwa, alikutana angani na madume kumi hadi ishirini wa makundi usiyoyajua, yakiwemo ya porini. Ndani ya mzinga mmoja kuna mabinti wa baba wengi, wengine wapole, wengine wepesi wa kuchoma. Malkia mzee akizeeka na kundi likambadilisha kimyakimya, hutaona kelele wala kundi kuondoka. Wiki sita baadaye mabinti wa yule wa zamani wameisha, wa mpya wamejaa, na tabia ya nyumba nzima ni nyingine.

Nyuki wetu wanaongeza jambo ambalo vitabu vya Ulaya hulitaja kwa nadra: wanahama. Njaa, joto, siafu au kusumbuliwa mara kwa mara huwafanya waache mzinga na kila kitu. Mzinga mtupu wenye masega na harufu ya nta haukai sana, kundi jingine linapita na kuingia. Kama hukuwepo kwa siku kumi hivi, utakuta mzinga namba tatu una nyuki, utasema "wangu wale", na kumbe ni wageni kabisa. Nimewahi kuhangaika na mzinga mmoja msimu mzima kabla sijaangalia masega kwa makini: manne ya zamani, meusi, yaliyoliwa kingo na nondo wa nta, na pembeni matatu meupe mapya yaliyojengwa juzi. Kundi langu lilikuwa limeondoka kitambo. Wale niliokuwa nikiwalaumu kwa kusahau wema hawakuwahi kuniona.

Ukali wa kizazi haupoi kwa moshi wala kwa kungoja maua. Ulaya na Marekani mtu hununua malkia mpole, akaua wa zamani, akasubiri wiki sita. Kwetu malkia wa kununua si bidhaa ya kawaida, na hata ukimpata, binti yake ataruka kupandwa na madume ya porini. Kinachowezekana ni kuchagua. Kundi kali usiligawe, usichukue mayai yake kuwapa wengine. Ligawe lile pole. Kundi kali linaloweka asali vizuri lipeleke ndani zaidi porini, mbali na njia ya watoto na kisima, ulifungue mara mbili kwa mwaka wakati wa kurina. Mimi siafiki kuwachoma moto, na nalisema hilo nikijua wapo wanaofanya hivyo kwa kuogopa majirani. Kundi linaloua mbuzi kando ya nyumba linaweza kuwa kundi jema kabisa likiwa kilomita mbili kutoka hapo.

Na ukifukuzwa, kimbia moja kwa moja, ukifunika uso kwa shati, ukipita vichakani ikiwezekana, mpaka ndani ya nyumba au gari. Usisimame kuwapunga kwa mikono, usijitose majini, usikimbilie penye watu. Baada ya hapo mtu akivimba uso au midomo, akipata shida ya kupumua, kizunguzungu au kutapika, apelekwe hospitali wakati huohuo, hata kama amechomwa mwiba mmoja tu. Aliyechomwa miiba mingi apelekwe hata akisema yuko sawa.

Binti wa Sikonge alipokusanya mawazo alinijibu swali langu. Jumapili walikuwa watulivu. Jumatano wakamfukuza. Basi ni siku tatu, na mizinga mingine minne haikuwa na neno. Nikamuuliza alifanya nini kati ya Jumapili na Jumatano. "Jumatatu nilirina mzinga wa pili, baba. Wa tatu sikuugusa."

"Masega yaliyovunjika uliyaweka wapi?"

"Niliyatupa hapo chini ya mti."

Nilifika siku ya pili yake saa kumi na moja jioni. Ilikuwa wiki ya mwisho ya Desemba, mvua imeloanisha kila kitu na mitundu haina ua hata moja. Chini ya mti masega yalikuwa yamebaki unga wa nta. Mlangoni mwa mzinga wa tatu nyuki walikuwa wameshikana wawili wawili, wanabiringika mpaka wanadondoka kwenye nyasi. Wengine, weusi wa kung'aa kama waliopakwa mafuta kwa manyoya kuisha, hawakuja kwa mlango. Walipepea kushoto kulia nyuma ya sanduku, wakinusa ufa kati ya ubao wa mwisho na ukuta. Hao ndio wezi. Asali ya bure ya Jumatatu iliwafundisha njia, ilipokwisha wakahamia nyumba iliyo karibu, na wenye nyumba wakawa wanapiga kila kitu kinachosogea, yeye akiwemo.

Tulizika mabaki yote. Tuliziba nyufa kwa udongo wa kichuguu uliokandwa, na mlango tukaupunguza kwa kisokoto cha nyasi hadi upana wa vidole viwili, ili walinzi wachache waweze kuushika. Nilimwomba asifungue siku saba na anunue daftari la kuandika tarehe, saa, hali ya hewa, maua yaliyopo na kama ameona mayai.

Siku ya nane akanipigia. Alikuwa amefungua mbao tatu za mzinga wa tatu, majana yapo, nyuki wamebaki juu ya masega, mwiba mmoja tu kwenye glavu. Kisha akasema mzinga wa tano unamtia wasiwasi, kwamba tangu Novemba kila akienda anaona umezidi kidogo kuliko mara iliyotangulia.

"Huo ni mwingine," nikamwambia. "Chukua daftari. Mara ya mwisho kuona mayai humo ilikuwa lini?"